Mafuta ya mwarobaini yamenikinga miezi mitano, nimpe na mdogo wangu?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 31. Baada ya huyu wa pili nilitumia sindano ya miezi mitatu. Ilinitesa. Nilitoka damu ya matone kwa wiki nzima nzima, na hasira zikawa zinanipanda hata mimi mwenyewe sijui zimetoka wapi. Nilipokwenda kulalamika nikaambiwa nivumilie, mwili utazoea. Haukuzoea. Sindano yangu ya mwisho ni miezi minane iliyopita, na nikaapa homoni haziingii tena mwilini mwangu.

Rafiki yangu akanitumia makala iliyosema kwamba vitu vya asili vinavyoua vijidudu, kama mwarobaini, limau na asali, vinaua pia mbegu za kiume, na kwamba wanasayansi wamethibitisha. Ulinzi wa sindano ulipoisha nikaanza na mafuta ya mwarobaini. Nachovya pamba, naiweka ndani dakika kumi kabla ya tendo, asubuhi naitoa. Mafuta yenyewe yananuka kama kitunguu saumu kilicholala, lakini mume wangu hana neno, yeye ndiye wa kwanza kusema bora cha asili. Siku ninazozihesabu kuwa za hatari tunaongeza na kondomu.

Huu ni mwezi wa tano na sijashika mimba. Ila wiki mbili hizi nawashwa, nikikojoa nahisi moto, na ute umebadilika, una harufu. Nilidhani dawa inasafisha. Hedhi nayo imechelewa siku tisa, lakini tangu niache sindano haijawa na mpangilio, kwa hiyo sikushtuka sana.

Mdogo wangu anaolewa mwezi ujao na hataki mtoto mpaka amalize masomo. Nimeshamjazia kichupa chake. Kabla sijampa nimeona nikuulize: je, ni kweli mwarobaini unazuia mimba? Na kama kuna cha asili kilicho bora zaidi, nitajie.

Mama Wawili

JIBU

Marahaba mwanangu. Umefanya jambo la maana kuuliza kabla kichupa hicho hakijatoka mkononi mwako. Habari ya mwarobaini nitaifikia, tena kwa kirefu, kwa sababu swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Lakini kwanza fanya haya, na uyafanye leo: acha kuweka pamba hiyo, pima mimba, na uende ukachunguzwe.

Kipimo cha mkojo kinaaminika kuanzia siku ile hedhi ilipotakiwa kuja. Wewe umepitisha siku 9. Tumia mkojo wa kwanza wa asubuhi. Kikionyesha huna mimba na hedhi bado haijaja, rudia baada ya wiki moja, maana mtu ambaye mzunguko wake haujatulia hawezi kuwa na hakika yai lilipevuka lini. Kikionyesha unayo, nenda kliniki na useme wazi kwamba ulikuwa unatumia mafuta haya. Usione haya kulisema. Usijaribu pia kunywa mwarobaini kwa nia yoyote ile. Kwa wanyama wa maabara dondoo zake zimeonekana kuharibu mimba changa, na sitaki mwili wako uwe mahali pa kujaribia. Ukipata maumivu makali ya tumbo la chini, hasa upande mmoja, au kizunguzungu, au damu isiyo ya kawaida, usingoje kukuche. Mimba inaweza kuwa imetunga nje ya kizazi, na hiyo hukatisha maisha ya mama.

Huo moto unapokojoa si dawa inayosafisha. Uke haungoji mtu auoshe. Ndani yake wanaishi bakteria wema, laktobasili, ambao hutengeneza asidi ya laktiki na kuuweka katika uchachu wa kama 3.8 hadi 4.5 kwa kipimo kiitwacho pH. Uchachu huo ndio mlinzi wako wa kila siku. Ukiingiza kitu kinachoua vijidudu bila kuchagua, unaweza kuwaua na hao walinzi, kisha wale wa harufu mbaya wakapata nafasi. Inaweza kuwa hivyo, au ni fangasi, au njia ya mkojo, au ugonjwa wa zinaa. Mimi siwezi kujua kwa barua na wewe huwezi kujua kwa harufu. Anayejua ni maabara. Ikionekana ni la zinaa, mume wako naye atibiwe siku hiyo hiyo, la sivyo mtarudishiana.

Sasa hiyo miezi mitano. Najua ndiyo iliyokupa imani, mpaka ukamjazia na mdogo wako. Nataka tuitazame pamoja.

Wanawake wanaoacha sindano ile ili wapate mtoto huchukua, kwa wastani, karibu miezi 10 tangu sindano ya mwisho mpaka kushika mimba. Wako wanaoshika mapema, wako wanaochelewa zaidi. Sindano hiyo haina njia ya kutolewa, inaisha yenyewe polepole, na mayai huchukua muda kurudi kwenye zamu yao. Wewe uko mwezi wa 8. Hedhi zako zisizo na mpangilio zinasema jambo hilo hilo. Kwa hiyo mwanangu, inawezekana kabisa kwamba kilichokukinga miezi hii ni ile homoni uliyoikimbia, nayo sifa yote ikaenda kwa mafuta. Kila mwezi unaopita mabaki ya sindano yanapungua, na kama mafuta hayakuwa yakifanya kazi, hutajua mpaka siku yanapokuangusha.

Makala uliyotumiwa haikutunga uongo. Iliacha nusu ya habari, na nusu hiyo ndiyo inayokuhusu.

Wazo la kutumia kiua vijidudu kuzuia mimba ni la zamani. Katika miaka ya 1880 mfamasia mmoja wa London, Walter Rendell, alichanganya siagi ya kakao na kwinini, ile ile ya malaria itokanayo na gome la mti, akatengeneza vidonge vya kuweka ukeni. Viliuzwa kwa miongo mingi. Karne moja baadaye, mwaka 1987, mtafiti Michael Zasloff wa Marekani alikuwa akipasua vyura wa Afrika wenye kucha ili apate mayai yao kwa kazi za maabara. Akimaliza anawashona na kuwarudisha kwenye tangi la maji machafu. Akaona kitu: vidonda haviozi. Akaichunguza ngozi ya chura, akapata vipande vifupi vya protini vinavyoua bakteria, akaviita maganini, kutokana na neno la Kiebrania lenye maana ya ngao. (Chura huyo huyo, kuanzia miaka ya 1930, ndiye aliyekuwa kipimo cha mimba. Jike lilidungwa mkojo wa mwanamke, na likitaga mayai kufikia kesho yake, basi mimba ipo. Mimi nikikumbuka hilo huwa nawashukuru waliotuletea kipimo cha dakika 5.)

Vipande hivyo, watafiti wanaviita peptidi, vina chaji chanya. Utando wa nje wa bakteria una chaji hasi. Vinavutana, peptidi inajichomeka, utando unatoboka, bakteria anamwagika. Utando wa mbegu ya kiume nao una chaji hasi upande wa nje. Unaona wazo lilipotokea? Watafiti wakajaribu. Maganini ilisimamisha mbegu. Naisini, ambayo hutengenezwa na bakteria wa maziwa na hutumika kuhifadhi jibini, ilijaribiwa India kwa mbegu za watu na kwa wanyama wa maabara, ikaonyesha matumaini. Ikaja sabtilosini, na hiyo ndiyo iliyonifurahisha zaidi, kwa sababu maabara ilionyesha kuwa inamshambulia bakteria wa harufu mbaya na inamwacha laktobasili. Kuchagua huko ndiko kazi yote iliko. Kuua ni rahisi, hata sabuni inaua. Kuua mbegu na kijidudu kibaya, ukaacha ngozi ya ndani na bakteria wema salama, hapo ndipo watu wanapozeeka maabara. Hakuna hata moja kati ya peptidi hizo tatu iliyofika kuwa dawa ya kuzuia mimba ambayo daktari anaweza kukuandikia.

Na mwarobaini wako je? Ndiyo, mafuta yake yakichanganywa na shahawa kwenye chombo husimamisha mbegu kwa haraka, hata ndani ya sekunde 30. India walikwenda mbali, wakatengeneza Praneem, dawa ya kuweka ukeni yenye dondoo ya mwarobaini iliyosafishwa pamoja na viambato vingine, wakaifanyia majaribio kwa wanawake. Lakini hiyo ilikuwa imesafishwa na kupimwa kipimo. Kichupa chako hakina kipimo. Mafuta ya mti mmoja hayalingani na ya mti mwingine, wala ya mwaka huu na ya mwaka jana.

Halafu kuna tofauti ya kioo na mwili. Nilipokuwa nasomea ukunga, mwalimu wetu alidondosha shahawa kwenye kioo cha darubini, tukapokezana kuangalia. Ni kama soko la asubuhi, kila mbegu inakimbilia kwake. Akaongeza tone la maji ya limau. Zote zikasimama hapo hapo, mikia imepinda. Tukashangilia. Akatutuliza, akachukua kioo cha pili, akaweka ute wa mlango wa kizazi wa siku za rutuba, mwangavu, unaovutika kama ute wa yai. Akaweka shahawa pembeni yake, akasubiri kidogo, ndipo akaongeza limau kwenye shahawa. Zile za nje zikafa. Zile zilizokwisha kuingia kwenye ute ziliendelea kuogelea kwa mistari kana kwamba hakuna kilichotokea. Sijawahi kukisahau kile kioo cha pili.

Fanya hesabu. Mwanamume ambaye mbegu zake ziko kwenye mpaka wa chini wa kawaida huachia kama 39 milioni kwa mara moja. Mafuta yakiua 99 katika kila 100, zinabaki 390,000, na inayohitajika ni moja. Ndani ya dakika chache za kwanza nyingine zimeshaingia kwenye ute wa mlango wa kizazi, na humo ndani ya mwili zinaweza kuishi mpaka siku 5. Pamba yako nayo hailali palepale inapotakiwa. Inasogea, inabaki upande mmoja, na mlango wa kizazi uko wazi upande wa pili.

Ungeniambia, basi niongeze nguvu ya dawa. Hilo limeshajaribiwa, na wanawake ndio waliolipa. Kuna dawa ya kuua mbegu inaitwa nonoksinoli-9, imetumika miaka mingi kwenye jeli na povu. Maabara ilionyesha inaua na virusi vya UKIMWI, watu wakafurahi: mimba na ugonjwa kwa pigo moja. Ikajaribiwa kwa wanawake wa Benin, Kodivaa, Afrika Kusini na Thailand, na matokeo yakatoka mwaka 2002. Haikuwakinga. Waliokuwa wakiitumia mara nyingi kwa siku walipata maambukizi zaidi ya wenzao, kwa sababu dawa ilikuwa ikichubua ngozi ya ndani na kumfungulia kirusi mlango. Ndimu, ndugu yake limau, nayo ilipopimwa kwa wanawake, maji yake yasiyozimuliwa yaliacha michubuko ya kina. Kwa hiyo limau na asali ulivyonitajia sitakutajia tena.

Neno asili lenyewe lisikupe usingizi. Gosipoli ni ya asili, ipo kwenye mbegu za pamba, mmea huitumia kujikinga na vijidudu na wadudu. China waliijaribu kwa wanaume zaidi ya 8,000 kama kidonge cha uzazi wa mpango cha kiume. Ilizuia mimba kweli. Pia ilishusha potasiamu ya damu kwa baadhi yao, na wengine uzazi haukurudi tena hata walipoacha. Ikaachwa.

Kuna jambo dogo kwenye barua yako lililonitia hofu kuliko mengine yote, na umelitaja kwa kupita tu. Umesema siku za hatari mnaongeza kondomu. Mwanangu, mafuta, yawe ya mwarobaini, ya nazi au ya kujipaka, huozesha mpira wa kondomu. Si kwa siku, ni kwa dakika. Kwa macho utaiona nzima na kumbe imeshalegea. Maana yake ni kwamba siku zile zile ulizojihadhari zaidi ndizo ulizoiharibu kinga yako ya kweli. Kama kuna tendo la namna hiyo lililotokea ndani ya siku 5 zilizopita, mtajie mhudumu, kwa sababu kipo cha kufanya bado. Mnapotaka kilainishi cha kondomu, kiwe cha maji.

Umeomba nikutajie cha asili kilicho bora. Nimekaa na ombi lako siku mbili. Nikaliandika upya kwa maneno mengine: unataka kitu kisicho na homoni, kinachoishughulikia mbegu yenyewe, chenye tabia ya kuua vijidudu, kitokacho kwenye maumbile. Kipo. Ni shaba.

Shaba ni madini yanayoua bakteria wanaoigusa, watu wamelijua hilo kwa kutumia vyombo vyake tangu kale. Mwaka 1969 daktari wa Chile, Jaime Zipper, alionyesha kuwa waya wa shaba ukiwekwa ndani ya kizazi cha sungura mimba haishiki. Kutokana na hapo kikapatikana kitanzi cha shaba, ambacho wengi huita lupu. Chembe za shaba zinazoachiwa kidogo kidogo huilemaza mbegu kabla haijafika kwenye yai. Hakina homoni hata tone. Katika wanawake 100 wanaokitumia, kwa mwaka mmoja hupata mimba chini ya 1. Linganisha na dawa za kuua mbegu zinazouzwa zikiwa zimepimwa vizuri, ambazo kwa matumizi ya kawaida hupitisha mimba karibu 21 katika 100 kwa mwaka. Hata jeli mpya ya Phexxi iliyoruhusiwa Marekani mwaka 2020, yenye asidi ya laktiki na ya limau kwa kipimo maalumu, ilipitisha karibu 14 katika 100 kwa mizunguko 7 tu. Aina maarufu ya kitanzi cha shaba hukaa miaka 10 na zaidi, na ukitaka mtoto kinatolewa, uzazi unarudi bila kungoja miezi. Tena kikiwekwa ndani ya siku 5 baada ya tendo lisilo na kinga, hufanya kazi ya dharura.

Sitakuficha upande wa pili. Shaba inaweza kuongeza damu ya hedhi na maumivu, hasa miezi ya kwanza, na najua damu ndiyo iliyokuchosha. Ila hiyo ni hedhi iliyokuwa nzito, inakuja na kuondoka, si yale matone yasiyo na kikomo. Kama tangu zamani hedhi zako ni nzito sana au una upungufu wa damu, mwambie mhudumu kabla. Hakizuii magonjwa ya zinaa. Na hakiwekwi leo: kwanza ijulikane huna mimba, na hayo maambukizi yatibiwe yaishe. Katikati hapo ni kondomu bila mafuta, kila tendo, si siku za kuhesabu, kwa sababu mzunguko usio na mpangilio hauhesabiki.

Kuhusu ile kauli ya "vumilia", nasikitika uliambiwa hivyo. Matone ya damu kwa watumiaji wa sindano ni jambo linalojulikana sana, lina matibabu, na mwanamke akichoka ana haki ya kubadilishiwa njia. Mtu anayenyamazishwa pale anapoumia ndiye anayekwenda kujitibu peke yake usiku na pamba. Safari hii nenda na mume wako. Kama yeye ndiye wa kwanza kusema bora cha asili, naye akae kwenye kiti asikie maelezo ya shaba kwa masikio yake. Hukuniambia kama mnataka wa tatu. Kama mmefunga hesabu kabisa, muulizeni na mhudumu habari ya vasektomi, yaani mwanamume kufungwa mirija ya mbegu, kazi fupi sana upande wake na hakuna homoni upande wako.

Kile kichupa usimpe mdogo wako. Yeye hana hata mabaki ya sindano ya kumlinda kama wewe. Mwarobaini ungemwachia mzigo wote mwezi wa kwanza wa ndoa, na masomo yangebaki njiani. Mpe barua yako hii aisome, pamoja na habari ya muwasho na zile siku 9, kisha mfuatane kliniki kabla ya harusi ili achague mwenyewe. Huenda akapenda vidonge au kijiti ulivyovikataa wewe, na hilo ni sawa, mwili wake si wako. Mafuta yaliyobaki paka ngozi au nywele.

Niandikie majibu ya kipimo, vyovyote yatakavyokuwa.

Shangazi